Bi Futi Anakunja Futi Yake

Leo ni tarehe 11 Juni. Ni miaka kumi na tisa na miezi minne tangu niuhame mji ule, na katika muda wote huo hakuna aliyeniomba niandike neno juu yake, mpaka Jumanne iliyopita, ilipofika barua ya Kamati ya Maagano ya Idara ya Majengo.

Barua inasema kwamba tarehe 30 ya mwezi huu, saa kumi jioni, Mchoraji Mkuu wa Idara, anayejulikana na wote kwa jina la Bi Futi, atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne kasoro siku mbili. Siku hizo mbili aliugua jino. Idara ilikwisha kumsamehe zamani. Ni yeye mwenyewe aliyesisitiza zitolewe.

Kamati imeniomba mambo mawili. La kwanza ni wasifu huu, kwa kuwa nilikaa kwenye meza inayotazamana na yake karibu miaka kumi na mitano nikiwa mtunza ramani wa Idara, na wengi wa waliopo kazini sasa walimkuta tayari ni Bi Futi. La pili ni swali. Fomu ya makabidhiano ya mstaafu ina vipengele arobaini na kimoja, na mpaka vyote vitiwe saini mstaafu haachiliwi. Bi Futi amekamilisha arobaini. Kilichobaki kinahusu tundu la barua la nyumba namba kumi na moja, Uwanja wa Juu, na hakifungiki mpaka mimi niseme kama nitarudi au sitarudi. Kwa miaka yote hii sijasema. Nitajibu, lakini wasifu kwanza, kwa sababu asiyejua habari za soko hataelewa tundu la barua linaingiaje katika kustaafu kwa mtu.

Bi Futi aliripoti kazini tarehe mosi Julai, saa moja na nusu asubuhi, akiwa na mkoba mmoja na futi ya kitambaa ndani ya kasha la ngozi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Alionyeshwa meza yake. Badala ya kukaa, aliipima. Kisha akaupima mlango. Kisha akamwendea Mkurugenzi wa wakati huo na kumweleza kwa heshima zote kwamba meza ile haikuingia kwa mlango ule, na kwa mlango ule haitatoka. Mkurugenzi alicheka, akasema, “Meza si hii hapa ndani, binti yangu? Basi iliingia.” Miaka minne baadaye Idara ilihamia ghorofa ya pili. Wapagazi sita walihangaika na meza ile kutwa nzima, wakaielekeza kila upande unaowezekana na mmoja usiowezekana, mpaka ikakatwa kwa msumeno katikati. Ikabainika kwamba ukuta wenye mlango ulijengwa baada ya meza kuwekwa. Bi Futi hakumkumbusha mtu. Alisimama pembeni akipima vipande. Vilipounganishwa tena aliomba arudishiwe meza ileile, na ndiyo anayoiacha mwezi huu, ikiwa na kovu katikati kama mtu aliyefanyiwa upasuaji.

Jina alipewa wiki hiyohiyo ya kwanza na mhudumu wa chai, aliyekuta vikombe vyake vyote vimepangwa kwa kimo na cha Mkurugenzi kimetengwa kwa kuwa kina ujazo wa vikombe viwili. Mimi, Bi Futi aliniita Karani, ingawa cheo changu hakikuwa hicho, na wote wakafuata. Sikuwahi kulalamika. Mtu aliyezoea kupima vitu akikupa jina, unaona kama limekutosha.

Alichora shule tatu, zahanati, ghala la maji na choo cha stendi ambacho bado kinasifiwa. Lakini kazi iliyombeba, na iliyotubeba sote, ni soko.

Wasomaji vijana hawakumbuki Uwanja wa Juu ulivyokuwa. Ule ni uwanja wa mawe wa karne nyingi, umezungukwa na nyumba za kale zenye kuta nene za mkono mzima, na juu ya mawe hayo walikaa wafanyabiashara mia mbili na kumi na wawili na mikeka yao, miavuli yao na kelele zao. Kamati ya Majengo ya Kale ikasema mawe yanaharibika. Baraza la mji likaamua wafanyabiashara wahamishiwe kwenye kiwanja kilicho nyuma ya stendi ya mabasi, mwendo wa saa nzima kwa miguu, mahali ambapo hakuna binadamu ambaye angemfuata mtu kwa fungu la mchicha. Ilikuwa ni kuwafukuza kwa lugha ya adabu.

Bi Futi ndiye aliyesimama kwenye kikao, akasema soko linaweza kubaki palepale, ila chini ya uwanja. Mji umejengwa mlimani. Uwanja wa Juu umeshikiliwa na ukuta mkubwa wa mawe, na nyuma ya ukuta huo hakuna jengo, ni kifusi tu kilichojazwa na watu wa kale. Kitolewe kifusi, uwanja uwekewe nguzo, na watu wauze humo. Baraza lilimpa miaka mitatu, bila shaka likitumaini atachoka.

Barua ya kwanza kwa wafanyabiashara aliiandika mwenyewe, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo Idara haijalisahau. Alitaka kusema soko litakuwa chini ya ardhi. Akaandika kwamba Idara ya Majengo inaanzisha “soko la chini kwa chini”, na kwamba wote wanaopenda wanakaribishwa kujiandikisha. Mkurugenzi alitia saini bila kusoma, kama ilivyokuwa desturi yake. Siku ya tatu akaja Inspekta wa polisi, mtu mpole mwenye daftari, akauliza kama ni kweli Idara inaandikisha watu wa magendo, na kama ndivyo, je, anaweza kuiona orodha. Mkurugenzi alikana katakata. Inspekta akaitoa barua. Mkurugenzi akaitazama saini kwa muda, akasema inafanana na yake.

Barua ya pili ikasahihisha. Iliandikwa “soko la chini”, basi. Wanunuzi wakafurahi mno. Asubuhi ileile walianza kuwadai wauzaji wa uwanjani bei ya chini, kwa kuwa soko la chini limekwisha kutangazwa na serikali.

Kesho yake Kamanda akapanda ngazi za Idara. Kamanda alikuwa mwenyekiti wa wauza mboga, mama wa makamo mwenye sauti ya kusimamisha lori. Hakukaa alipokaribishwa. “Soko la chini, bei ya chini, halafu na sisi tuwe watu wa chini, sivyo?” alimwambia Mkurugenzi. “Mimi nimeuza nyanya juani miaka ishirini na sita. Watoto watano wamesomea palepale juu. Mimi sishuki. Anayeshushwa ni mtumishi aliyeboronga kazi.” Mkurugenzi, ambaye bado alikuwa akimwota Inspekta, alitazama dirishani.

Ofisi nzima ilidhani mradi umekufa. Bi Futi alimwomba Kamanda alirudie lile neno. Kamanda akarudia, safari hii kwa sauti ya juu zaidi, akidhani amepata kiziwi: “Si-shu-ki.” Bi Futi akaliandika pembeni mwa karatasi yake. Kisha akachukua michoro tisa ya ngazi, kazi ya miezi minne, ngazi za mawe pana za kushukia sokoni kutoka uwanjani, akaikunja na kuiweka chini ya mguu wa meza yake uliokuwa mfupi tangu ilipokatwa.

Wiki mbili alijifungia na kazi. Aliomba kwangu ramani zote za upande wa pili wa mlima, akachora upya kuanzia Barabara ya Chini, ile inayopita mguuni pa ukuta mkubwa. Pale alitoboa milango mitano kwenye ukuta, na sakafu ya soko akaiweka sawasawa na barabara. Ukisimama uwanjani, soko liko mita tisa chini ya viatu vyako. Ukija kwa barabara, unaingia tu, kama unavyoingia dukani. Kamanda aliitwa, akauzungusha mchoro mara tatu, akauliza, “Hapa nashukia wapi?” Bi Futi akamwambia, “Hushuki, dada. Unaingia.” Kamanda akautazama tena kwa jicho la mtu anayekagua nyanya, akasema, “Hapo sasa umesema kitu.” Ndiyo maana soko lile linaitwa Soko la Ndani, na ndiyo maana neno kushuka halimo kwenye karatasi yoyote ya mradi ule, hata pale mvua inapozungumziwa. Mvua kwenye michoro ya Bi Futi inafika.

Kabla ya kuamua upana wa kizimba kimoja alitaka kuona mtu anavyokaa. Akachora vizimba kumi na viwili kwa chaki kwenye ukumbi mrefu wa Idara, akamwomba Kamanda alete watu wake wakae humo nusu saa. Walikuja na mizigo yao, kwani muuza mboga bila mboga hajui mikono aiweke wapi. Nusu saa ikawa kutwa. Mkurugenzi alishindwa kufika ofisini kwake kwa sababu ya bamia. Kufikia saa nane mchana watumishi wa ghorofa zote walikuwa wamefanya ununuzi wao wa wiki, na Bi Futi alikuwa amegundua kwamba kizimba kinahitaji sentimita arobaini zaidi, si kwa bidhaa, bali kwa jirani anayekuja kupiga soga. Nafasi hiyo ameipa jina kwenye mchoro: “umbea, sm 40”. Wataalamu wa nje waliotembelea mradi waliuliza neno hilo ni la kipimo gani.

Likabaki jambo moja, nalo lilikuwa gumu kuliko yote. Watu mia mbili na kumi na wawili chini ya jiwe wanahitaji hewa, na nyanya zinahitaji mwanga, la sivyo mnunuzi hawezi kujua zipi zimebonyea. Ilihitajika tundu kubwa kutoka sokoni mpaka angani. Kamati ya Majengo ya Kale ikasema uwanjani kisionekane kitu chochote, si bomba, si kioo, si hata kofia ya bomba. Bi Futi alikaa nami kwenye stoo ya ramani siku nyingi tukitafuta nyumba inayopakana na uwanja, yenye ua ndani, inayoweza kuondolewa tumbo na kuachiwa uso. Ukuta wa mbele ungebaki na mlango wake na madirisha yake, na nyuma yake hakuna nyumba, ni mwanga unaoteremka. Samahani, unaofika.

Mimi nilikuwa nikimpa ramani, naye alikuwa akizirudisha. Siku moja, ramani moja haikurudi. Sikuuliza. Ilikuwa ya namba kumi na moja, na namba kumi na moja ilikuwa nyumba ya mama yangu, niliyozaliwa humo, na niliyorudi kuishi humo na mama baada ya kufiwa na mke wangu.

Ijumaa iliyofuata Bi Futi alikuja kumsalimia mama. Ijumaa ya pili akaja tena, na ya tatu. Alikuwa mseja, mtanashati, mwenye adabu, na kila alipokuja alipima kitu. Alipima ngazi, madirisha, kina cha kabati la vyombo, unene wa ukuta wa jikoni. Mimi nilijua, kwa kuwa ndimi niliyempa ramani. Yeye alijua kwamba najua. Na hakuna kati yetu aliyepata njia ya kumwambia bibi wa miaka themanini na mmoja kwamba nyumba yake inapimwa kwa ajili ya kutolewa tumbo. Mama akapata maelezo yake mwenyewe. Alinivuta jikoni akaninong’oneza kwa sauti iliyosikika mpaka uani, “Mtu hapimi kabati la watu bure. Huyu anataka kujua vyombo vyake vitaenea.” Kuanzia hapo Ijumaa nilikuta shati langu la sikukuu limepigwa pasi, na lile la kijani, nililolipenda, halikuonekana tena.

Ijumaa ya sita mama alichoka kungoja. Alimimina chai, akakaa mbele ya Bi Futi, akauliza, “Mwanangu, umepima mpaka kizingiti. Sasa sema. Umekuja kwa ajili ya nini?” Bi Futi alikunja futi yake mpaka mwisho kabla ya kujibu. Akasema amekuja kwa ajili ya nyumba. Akaeleza yote, ukuta, kifusi, hewa, wale watu mia mbili na kumi na wawili na kiwanja kilicho nyuma ya stendi. Akasema kwamba bila ua huu soko halijengwi, na kwamba mama akikataa ataelewa na hatamlaumu.

Mama aliinywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akasema, “Kumbe unataka nyumba, mwanangu humtaki. Basi chukua vyote viwili. Mimi nimechoka kufua.”

Bi Futi alichukua kimoja. Kwa haki lazima niandike kwamba kosa, kama lilikuwa kosa, halikuwa lake peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nimeshika kikombe, nikasema sukari imezidi kidogo.

Mama alitoa masharti mawili, nayo yamo kwenye mkataba kwa maneno yake. La kwanza, aliuliza nani atakaa chini ya jiko lake. Akaambiwa labda vitunguu. “Vitunguu sawa. Samaki sitaki.” Kwa hiyo, watumishi wapya mnaouliza kwa nini samaki wa Soko la Ndani wako mwisho kabisa wa soko, mbali na tundu la hewa ambako wangefaa zaidi, jibu ni kwamba mama yangu alikataa. La pili, mlango wa mbele ubaki na namba yake na tundu lake la barua, wazi, mpaka sisi wenyewe tuseme. “Barua zetu zitatutafutia wapi?” alisema. Bi Futi akaandika, akamsomea, mama akaweka dole gumba.

Baraza lilitupatia nyumba nyingine pembezoni mwa mji. Mama alikwenda kuitazama, akasema haina kelele, hawezi kuishi mahali asikosikia mtu anapunguziwa bei. Akachagua kwenda kwa dada yangu, kwenye mji huu nilipo sasa, safari ya siku mbili. Nami nikamfuata. Tuliondoka mwezi wa Februari, siku wafanyakazi walipoanza kung’oa vigae. Soko lilifunguliwa miaka miwili baadaye. Sijaliona. Yanayofuata nayaandika kwa kuambiwa, ila nimeambiwa na wengi na hawapingani.

Nimeambiwa kwamba siku ya ukaguzi Mwenyekiti wa Kamati ya Majengo ya Kale alizunguka Uwanja wa Juu saa nzima akitafuta soko, mpaka akamwuliza mama mmoja limejengwa wapi, na mama huyo, ambaye alikuwa Kamanda, akamjibu, “Umelikanyaga, baba.” Nimeambiwa kwamba katika misimu kumi na saba ya mvua dari halijavuja hata tone. Na nimeambiwa kwamba sakafuni, pale mwanga unapofika, Bi Futi alitandika mistari ya mawe meusi inayofuata kuta za nyumba yetu kama zilivyokuwa, chumba kwa chumba, kwa vipimo vyake vya Ijumaa sita. Hakumwomba mtu ruhusa. Watu waliizoea haraka. Nyanya ziko sebuleni, karoti ziko chumbani kwa mama, vitunguu viko jikoni. Mteja mmoja alipigiwa simu na mkewe, akajibu kwa ukweli kabisa kwamba yuko chumbani kwa mama anachagua karoti, na ilimlazimu Bi Futi aende nyumbani kwao na ramani kutoa ushahidi.

Sasa tundu la barua. Mlango wa namba kumi na moja umesimama uwanjani kama zamani, umefungwa kwa komeo, na nyuma yake ni hewa tupu na uzio wa chuma. Barua ikisukumwa kwenye tundu inadondoka mita tisa, na kwa kuwa upepo wa pale unavuta kuelekea nyuma, inatua jikoni. Bi Futi anasema hilo alilipigia hesabu. Muuza vitunguu anazikusanya kwenye beseni. Kila anapokuja mtumishi mpya wa posta anabisha kwanza, kwa adabu, anasubiri, anabisha tena, mpaka sauti inatoka chini ya ardhi inamwambia, “Hayupo. Dumbukiza tu.” Wawili wameomba kuhamishwa.

Kila baada ya miezi mitatu Bi Futi hukusanya barua hizo na kunitumia katika bahasha moja, na bahasha hunuka vitunguu tangu mlangoni. Nimepata kalenda za mwaka uliopita, matangazo ya madaktari wa macho, na kadi ya arusi ya watu ambao siku ilipofika walikuwa wamekwisha kuachana. Ndani yake huweka karatasi yake mwenyewe, mistari minne mitano, ya hali ya dari na afya ya watu. Hajawahi kuniuliza kama nitarudi. Lakini mwaka jana mtumishi wa Idara aliyekuja huku kikazi alinieleza jambo ambalo sikulijua. Kila Desemba mkaguzi wa usalama hupendekeza tundu lile lizibwe, na kila Desemba Bi Futi hujaza safu ya sababu kwa mwandiko wake wa herufi za ramani: “Lisizibwe. Mwenye nyumba hajasema kama harudi.” Ameandika hivyo mara kumi na saba. Mkurugenzi mpya amesema mstaafu hawezi kukabidhi kitu kinachomsubiri mtu. Nadhani ana haki.

Siku tunaondoka Bi Futi alikuja stendi akiwa na mchoro umekunjwa ndani ya bomba la karatasi. Ni nyumba yetu, kwa kipimo cha moja kwa hamsini, na kila kipimo kimeandikwa, mpaka kina cha kabati. Nilipoufungua niliona milango yote imechorwa ikiwa wazi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ndivyo milango inavyochorwa, na mimi mtunza ramani nilipaswa kujua. Nilijua. Mchoro huo uko ukutani mbele yangu ninapoandika. Mama aliishi miaka sita zaidi akiwa nao, na jioni aliweka kidole jikoni na kuuliza, “Vitunguu?” Nikamjibu, “Vitunguu, mama.” Amezikwa hapa.

Kwa niaba ya watumishi wa Idara waliopo, waliopita, na mmoja aliye mbali, tunamshukuru Bi Futi kwa miaka thelathini na minne kasoro siku mbili. Tunamshukuru kwa wachoraji kumi na mmoja aliowafunza kupima mara mbili na kusema mara moja. Tunamshukuru kwa watu mia mbili na kumi na wawili ambao hawakushuka. Tunamwombea siku ndefu zenye afya, meza inayopita mlangoni, na usingizi usio na dari la mtu mwingine ndani yake.

Bi Futi, andika kwenye kipengele cha arobaini na moja kwamba mwenye nyumba amesema, na tundu lizibwe. Muuza vitunguu apumzishwe. Barua zitakazonitafuta ziletwe moja kwa moja, anwani unayo. Chumba cha wageni hapa kwangu kina upana wa mita tatu na nusu, nimekipima mwenyewe, kwa hiyo inawezekana nimekosea, na kinahitaji mtu wa kukihakiki. Lakini kwa ile fomu, na kwa saini yako ya mwisho, jibu ni moja. Mimi huko sitarudi.